Mama Mkwe Aliyemwaga Maji

Hodhi lilikuwa kavu.

Mama Posta aliegemeza baiskeli yake kwenye ukuta wa kale, akainama ukingoni, akatazama chini. Mahali pa maji palikuwa na tope lililokauka na kupasuka vipande vipande. Mjusi aliinua kichwa akamtazama kama mwenye nyumba aliyeamshwa usingizini. Ufa mpana ulilikata hodhi toka ukuta mmoja hadi wa pili. Bila shaka ardhi ilitetemeka siku moja, na kazi ya mikono ya watu wa zamani ikavuja yote.

"Lilikuwa na maji," alisema. "Mimi na marehemu mkweo tulikunywa hapa hapa, tukanawa na miguu."

"Ndiyo, mama," alijibu Fundi Vioo.

Hiyo "ndiyo, mama" ndiyo iliyowafikisha pale. Mama Posta alikuwa mama wa mke wake, na tangu aoe, Fundi Vioo hakuwahi kumbishia hata kidogo. Akisema chai haina sukari, haina, hata kama kijiko kimesimama chenyewe kikombeni. Mkwe ni mkwe. Tena huyu alikuwa mkwe wa aina yake. Aligawa barua kwa baiskeli maisha yake yote ya kazi, na alipostaafu aligundua kwamba miguu haikustaafu naye. Kila mwaka alifunga mikoba pembeni mwa baiskeli akaenda kuitazama nchi, na mwaka huu alitaka vilima vya volkano, vyenye magofu ya mji wa kale juu yake. Binti yake aliingiwa na hofu, akamtuma mumewe amsindikize.

Alimwagiza kwa maneno machache, pale dukani kwa mumewe, kachumba chembamba chenye vioo vilivyosimamishwa ukutani na magazeti katikati yake, mahali ambapo mtu hujifunza kupita ubavu na kusema polepole. "Sina mzazi mwingine," mkewe alimwambia. "Unirudishie huyo."

Asubuhi ile, chini ya kilima, kabla ya mpando, Mama Posta alikuwa amefungua chupa zake akamwaga maji mchangani. Waendesha baiskeli wa safari ndefu ndivyo walivyo. Mbele ya mlima hupunguza kila kitu, na yeye hata mswaki wake aliukata mpini. "Maji ni mzigo," alisema. "Juu kuna hodhi." Fundi Vioo aliona majani yalivyoungua. Aliona vijito vyote walivyovuka vimebaki mawe matupu. Neno lilimfika kooni, akalimeza, akafungua chupa zake naye akamwaga. Kila mmoja alibakiza chupa moja, na walipofika juu zilikuwa zimeshanyweka nusu.

"Tutashukia upande wa pili," alisema sasa Mama Posta, akivaa kofia yake ngumu. "Ni karibu zaidi na barabara ya lami."

Fundi Vioo aliitazama njia ya upande wa pili. Haikuwa na alama ya tairi, ya kwato wala ya kiatu. Njia isiyopitwa na mtu ina sababu yake.

"Ndiyo, mama," alisema.

Njia ilikuwa ya changarawe nyeusi, nyepesi kama maganda, iliyoteleza chini ya tairi. Mvua za zamani ziliichimba mifereji. Mama Posta alishuka mbele akiwa amesimama juu ya pedali, mgongo umenyooka, na kwa muda ilikuwa raha kumtazama. Kisha tairi la mbele likaingia kwenye mfereji, usukani ukageuka wenyewe, na bibi yule akaruka juu ya baiskeli yake akaangukia mawe. Baiskeli ilimfuata ikamwangukia mguuni. Mlio ule Fundi Vioo aliusikia kwenye meno.

Alipomfikia, alimkuta ameketi, uso umemparara, akijitazama mguu wa kulia. Chini ya goti ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu hauna kiungo.

"Umevunjika," Mama Posta alisema. Alivuta pumzi. "Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sasa mkuu mwenyewe akivunjika guu, wanasemaje?"

Fundi Vioo alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Alipiga magoti, mikono ikamwishia hewani. Mguu wa mama mkwe wake hakuwahi kuutazama, seuze kuushika. Hata kumpa mkono alimpa kwa kuinama. Jasho lilimtoka zaidi ya lililomtoka kwenye mpando.

"Shika," alisema bibi. "Au unangoja posta iuletee mguu barua?"

Akashika. Aliunyoosha polepole, bibi akiuma mkanda wa kofia yake, akaubana kwa pampu upande mmoja na vijiti vya hema upande wa pili, kisha akakata tyubu ya akiba akaufunga wote kuanzia kifundo hadi juu ya goti. Simu hazikuwa na mtandao tangu walipoiacha barabara. Rimu ya baiskeli ya mama ilikuwa imejikunja, spoku zimechomoza. Ya kwake ilikuwa nzima. Alimbeba mgongoni hadi kwenye magofu, ndani ya chumba kimoja chenye kuta za mawe meusi yaliyopangwa bila saruji, kisicho na paa ila chenye kivuli, wakalala humo na maji ya kulowesha midomo tu.

Kulipopambazuka ulimi wa Mama Posta ulikuwa mzito na paji lake la uso lilikuwa la moto. Sauti yake, hata hivyo, ilikuwa ile ile ya kugonga milango ya watu asubuhi.

"Chukua baiskeli, mwanangu. Teremka kwa njia tuliyokuja, utafute watu. Chupa iliyobaki chukua wewe."

Alisubiri "ndiyo, mama". Haikuja. Fundi Vioo alitazama jua likianza kupanda ukutani. Njia waliyokuja nayo ilikuwa ndefu, na pale chini hawakupita nyumba hata moja. Angewapata watu labda jioni, labda kesho. Kivuli cha chumba kile kingehama adhuhuri, na mama asiyeweza kutambaa angebaki juani bila tone.

"Hapana," alisema.

Neno lilimshtua yeye mwenyewe. Mama Posta alimkodolea macho.

"Umesema nini?"

"Hapana, mama. Siondoki mpaka uwe na maji. Nikikuacha hivi, nitarudi kukuta maiti, na mimi nimeagizwa nikurudishe mzima."

"Maji utayatoa wapi?"

"Sijui bado. Watu waliishi hapa. Hawakuishi kwa kulamba mawe."

Alitoka kabla hajajibiwa. Alizunguka magofu. Alipita mlango ulioanguka, jiwe la kusagia lililolika katikati, ngazi zilizochongwa mwambani. Nyuma ya nyumba za mwisho, kwenye mteremko, kulikuwa na duara za mawe zenye kimo cha goti. Jana Mama Posta alisema ni makaburi. Lakini makaburi hayatoi moshi, na katika ubaridi wa asubuhi duara tatu zilikuwa zinafuka.

Alisogea. Ya kwanza ilinuka mayai viza, akarudi nyuma upesi. Ya pili vile vile. Ya tatu haikunuka kitu, na kwenye kingo zake kuliota majani mabichi na sisimizi walikuwa katika shughuli zao. Katikati palikuwa na tundu linaloingia ardhini. Aliweka kiganja juu yake: joto, na kiganja kikarudi kimelowa.

Fundi Vioo aliketi chini. Kila siku ya baridi, akichemsha chai dukani, vioo vyake vyote hulia machozi, naye hukasirika na kutafuta kitambaa. Aliitazama upya ile duara. Jiwe moja pana lilikuwa limeinamishwa juu ya tundu, limechongwa mfereji mwembamba hadi kwenye kibakuli cha mwamba. Kumbe hodhi lilikuwa la msimu wa mvua. Kwa kiangazi wazee wale walijenga hiki. Jiwe la pili la kufunika lilikuwa limevunjika, ndiyo maana mvuke wote ulipotea bure.

Akatimua mbio kuchukua turubai la hema. Alilitandaza juu ya duara, akalibana kwa mawe pembe tatu, ya nne akaishusha kwenye mfereji, na chini yake akaweka chupa. Kisha akangoja, akiwa amechutama, akilitazama turubai kwa ukali kama mtu anayemdai. Upande wa chini ulianza kufanya ukungu mweupe. Vitone vikajiunga, vikateremka, vikasita pembeni. Kimoja kikaanguka ndani ya chupa, kikalia.

Aliruka juu na kupiga kelele peke yake kilimani, na hakuona aibu.

Maji yalikuwa ya uvuguvugu na yenye ladha ya msumari. Mama Posta alikunywa funda dogo dogo, kama alivyoamriwa, huku Fundi Vioo akimshikia chupa ili asiyapapie. Aliporudiwa na pumzi alimtazama mkwewe kwa makini.

"Jana kule chini ulipoona namwaga maji, uliliona kosa?"

Fundi Vioo alifunga chupa. "Niliona."

"Na njia hii?"

"Niliona, mama."

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Wewe ni mama mkwe wangu. Ungekuwa mama yangu wa kunizaa, ningekupigia kelele."

Bibi alifumba macho. Fundi Vioo alidhani amemkosea, akaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi.

"Nimesambaza barua za watu maisha yangu yote," alisema bibi. "Zenye furaha na zenye msiba. Sikuwahi kuirudisha moja mfukoni kwa kuogopa uso wa mwenyewe. Heshima ya kuninyima habari mimi siitaki. Kuanzia leo, nikikosea, nipigie kelele."

"Ndiyo, mama," alisema Fundi Vioo kwa mazoea, na wote wawili wakacheka mpaka mguu ukamwuma bibi.

Siku ile yote alikinga mvuke. Jua likiwa kali vitone vilipungua, jioni vikarudi kwa wingi, na alfajiri chupa zote zilikuwa zimejaa hadi shingoni. Hakumwaga hata tone, wala hakutaka kumwacha mama peke yake. Alimkalisha Mama Posta kwenye kiti cha baiskeli yake, akaufunga mguu uliovunjika kwenye fremu juu ya blanketi, akampa bega lake la kushika. Wakashuka kwa njia waliyokuja nayo, yeye akitembea ubavuni, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye breki. Palipokuwa na mawe alimbeba mgongoni, kisha akarudi kuchukua baiskeli. Viganja vilichubuka. Lakini kila alipoagiza wapumzike walipumzika, na kila alipoagiza mama anywe, mama alikunywa.

Jua lilikuwa limeshaanza kulala walipofika barabarani wakasikia injini. Lilikuwa lori la wachimba kokoto, na dereva wake alilisimamisha katikati ya barabara, akateremka mdomo wazi. Walisaidiana kumpandisha bibi mbele, mguu umenyooshwa juu ya kiti. Baiskeli ilitupwa nyuma juu ya kokoto. Dereva alikuwa bado anauliza maswali yake Mama Posta alipoanza kujisukuma kuelekea mlangoni.

"Nateremka kidogo," alisema. "Hiyo baiskeli haijafungwa vizuri. Naiona kwenye kioo."

"Mama, kaa chini!" Fundi Vioo alifoka, sauti ikagonga kilima na kurudi.

Dereva aligeuka, amekunja uso. "Bwana wewe, huyu si umesema ni mama mkwe wako? Unamfokea hivyo mama wa watu?"

Mama Posta alikuwa tayari ameketi. Alijiweka sawa, akavuta blanketi juu ya magoti.

"Mwache," alimwambia dereva. "Nimemwomba mwenyewe."