Matete ya Shemeji

Mama Matenga alipata jina hilo kwa kazi yake. Asubuhi alipasua matete, mchana alisuka matenga ya kubebea kuku. Matete aliyakata kwenye kipande chake na mumewe, ukingoni mwa mto. Kipande kilichofuata, upande maji yanakoelekea, kilikuwa cha shemeji yake. Huyu aliitwa Kesho, maana kila kazi aliiahirisha.

Mwaka huo mto ulifurika. Maji yalikaa wiki tatu. Yalipopungua, Mama Matenga alikuta visiki vyeusi vinavyonuka. Kwa Kesho matete yalikuwa ya kijani, na machipukizi yamejaa kwenye tope jipya.

"Haiwezekani," alimwambia mumewe. "Sisi tulikata vizuri kabla ya mvua, chini kabisa. Yeye hata panga hakushika. Mbona yafe yetu tu?"

"Mto haubagui, mke wangu."

"Mto haubagui, lakini ndugu yako je? Siku ile kabla ya mafuriko nilimwona huku na kopo. Kopo la nini?"

Mume akatazama kipande cha ndugu yake. Sasa naye akaanza kushuku.

Salamu zikapungua. Kesho alipoleta samaki, Mama Matenga alimpa paka aonje kwanza. Alionja wote. Paka akanenepa, lakini shaka haikuisha. Nyumbani matete yaliyobaki yalitosha wiki mbili tu, na roho ilimuuma kila alipoyatazama.

Mwishowe alimwita afisa kilimo, akawaita na majirani washuhudie. Kesho naye akaja.

"Thibitisha sumu," Mama Matenga alisema.

Afisa aling'oa kisiki, akakinusa. "Hapa hapana sumu, mama. Mmea huu umekosa hewa."

Alikata kipande cha tete chenye uwazi ndani, akakisimamisha kwenye beseni la maji. "Puliza."

Mama Matenga akapuliza. Mapovu yakatoka chini.

Afisa akakizamisha chote. "Haya, puliza tena."

"Nitapulizaje, na tete lote limezama?"

"Ndivyo ilivyokuwa kwa visiki vyako. Hewa hupita ndani ya shina hadi kwenye mizizi. Mlikata chini, maji yakafunika, mizizi ikaoza. Ya Kesho yalikuwa marefu, vichwa vilibaki juu."

"Na yale machipukizi? Si ameyaiba kwangu?"

Afisa alifukua chipukizi moja. Lilikuwa limeota kwenye kipande kinene cha mzizi wa zamani. "Aliyebeba ni mto. Mafuriko huua mimea, lakini pia huipanda. Maji hubomoa ukingo, hubeba vipande vya mizizi na mbegu, na kuviacha kwenye tope."

Mama Matenga hakukubali kushindwa upesi. "Na kopo?"

"Minyoo, shemeji," alisema Kesho. "Ya kuvulia wale samaki mliompa paka."

Majirani walicheka. Mama Matenga aliona aibu kubwa, akaomba radhi palepale. Kesho akampa machipukizi, wakayapanda pamoja.

Mwaka uliofuata hawakukata kabla ya mafuriko. Waliacha mashina marefu yazidi alama ya maji ya mwaka uliopita. Mto ulipanda, ukashuka. Matete yalibaki hai, nao wakakata baadaye.

Siku ya kukata, Kesho alileta samaki. Mama Matenga alimpika, akaketi mbele ya wote, akala kipande cha kwanza yeye mwenyewe. Paka alisubiri mlangoni.