Suruali Mbili kwa Mtu Mmoja

Mimi Kiingereza nakijua sana. Nakijua kikipita njiani. Kukisimamisha tuongee, hapo ndipo siwezi.

Mkamwana wangu ni fundi cherehani. Duka analoshonea lilitaka mtu wa kukaa mbele, awapokee wateja na kuwapima. Wengi wao huongea Kiingereza. Mwenye duka akamwambia, "Kushona unajua. Ijumaa nitakupa nguo mbili, unieleze tofauti yake kwa Kiingereza. Ukibabaika, nafasi nampa mwingine."

Alirudi nyumbani amenywea, hata chakula hakugusa. Nikamwita jirani yetu Bibi Simu. Tunamwita hivyo kwa sababu alipokea simu hotelini miaka ishirini. Mume wangu alipomwona, akajilaza kwenye kochi na kujifunika gazeti usoni.

"Hayo ni mambo yenu," akasema. "Mimi nalala."

Bibi Simu akatandaza suruali mbili mezani.

"Hii ni long. Na hii iliyoizidi?"

"More longer," akajibu mkamwana.

"Mwanangu, mtu mmoja umemvisha suruali mbili. Chagua moja. Neno fupi lishonee mkia tu: longer. Shorter. Cheaper."

"Sasa more ni ya nini?"

"Ya maneno marefu. Comfortable limeshajaa, ukilishonea mkia litachanika. Litangulizie more: more comfortable. Na 'kuliko' ni than. This one is longer than that one."

"Na good?" nikadakia. "Ni gooder?"

"Good ni kaidi kama wewe. Hubadilika lote, huwa better. Bad nalo huwa worse. Hayo mawili yashike hivyo hivyo."

Siku nne nyumba yetu ikawa darasa. Tulilinganisha sufuria, mapazia, hata viatu. Mimi nilisimamishwa kando ya kabati, nikaambiwa niko shorter. Sikubisha. Mzee alikoroma masomo yote.

Ijumaa mchana mkamwana akaingia, utepe wa kupimia shingoni.

"Aliniwekea makoti mawili, mama. Nikamwambia, this coat is shorter than that one, but it is more comfortable. Akanivisha utepe wake mwenyewe. Jumatatu naanza kukaa mbele."

Nilimkumbatia mpaka utepe ukatuzonga wote wawili. Kisha akapika chai, akaanza na baba mkwe wake, kama kawaida yake. Mzee akaonja, akafumba macho kwa utamu.

"Mm," akasema. "Sweeter than yesterday."

Sote tukamgeukia. Bibi Simu akavua miwani.

"Baba," mkamwana akauliza polepole, "si ulikuwa umelala?"

Mzee akaweka kikombe chini. Akavuta gazeti. Akaanza kukoroma kabla halijafika usoni.