Mgeni Aliyejua Kiingereza

Kipande kilikuwa na joto. Kilikuwa kimelala usiku kucha kwenye droo ya Mwalimu Musembi, na huo ulikuwa mwezi wa Julai, baridi ile ya Makueni inayowakohoza hata mbuzi. Lakini Mumbua alipovishwa shingoni Ijumaa asubuhi, kilimgusa kifuani kama kitu kilichotolewa mfukoni mwa mtu sasa hivi. Angemwambia nani? Wenzake walikuwa wanacheka.

Walicheka kwa sababu kipande kilikuwa chake kama vile kengele ni ya ng'ombe. Sheria ya Kidato cha Nne ilikuwa moja: ukiteleza ukasema Kikamba ndani ya ua wa shule, unavishwa kipande, na unakivaa mpaka umnase mwingine akiteleza. Atakayekuwa nacho jioni anachapwa. Mumbua aliteleza kila siku. Kiingereza kilimkataa jamani, kilimkataa waziwazi. Mwaka wa themanini alikuwa amefanya mtihani akafaulu hesabu, akafaulu biolojia, Kiingereza kikamwangusha, na bila Kiingereza hakukuwa na cheti. Sasa alikuwa anarudia, na shule hairudishi mtu mara mbili.

Nyumbani neno lilikuwa limeshatoka. Baba yake alikuwa marehemu, na baba mdogo, Kiilu, ndiye aliyeshika boma. Kiilu alisema Mumbua akianguka tena, yeye atapokea mbuzi wa ntheo kutoka kwa mzee mmoja wa Kambu mwenye wake wawili. Mbuzi wa ntheo wakishapokelewa, msichana ni mke wa watu, hakuna tena mjadala. Mama yake, Ndila, alilia siku mbili, kisha akaenda kuchoma makaa ili binti asikose daftari. Mumbua alikuwa na miaka kumi na tisa na alitaka kuwa mwalimu. Hakutaka kingine chochote.

Sasa kile kipande, wengine husema Mwalimu alikichonga mwenyewe. Uongo. Kilikuwa cha Syokau, bibi wa ng'ambo ya mto, mchezaji wa kilumi, ile ngoma ya kupandisha pepo. Bibi huyu hakuwahi kukanyaga darasa, lakini pepo lake lilipopanda lilisema Kiingereza, tena kile cha wenyewe. Alipokufa, watoto wake waliokuwa wameokoka walileta vitu vyake kanisani vichomwe: ngoma, njuga, vibuyu, ngozi. Mwalimu Musembi, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa, akachokora majivu kesho yake akakuta kisahani cha shaba chenye tundu, hakijaungua hata ukingo. Akaona ni hasara kutupa shaba nzuri. Watu walijua kilikotoka, ila nani angesema? Ukisema unaogopa, utaambiwa wokovu wako haujakomaa. Basi wakanyamaza, na watoto wakavishwa.

Ijumaa ile hakuna mwingine aliyeteleza, na Mwalimu alikuwa ameitwa mjini Wote mkutanoni. Mumbua akaogopa kukiacha kisije kikapotea, akaenda nacho nyumbani. Jumamosi saa sita mchana alikuwa mtoni Kathonzweni, ndani ya shimo la mchanga, akikomba maji kwa kikombe, kitabu cha sarufi kikiwa ukingoni. Alikuwa amesoma ukurasa uleule tangu alfajiri na hakuna kilichoingia. Akatupa kikombe, akashika kipande kwa mikono miwili, akasema kwa Kikamba, kwa sauti: kama yuko yeyote anayejua hii lugha, aje anifundishe, mimi nimeshindwa. Mfa maji haachi kutapatapa. Maji ndani ya shimo yakaacha kupanda, na juu yake, kwenye mchanga mkavu ambako hapakuwa na mtu, akasikia njuga zikipita polepole, kisha zikasimama.

Jumatatu Mwalimu Musembi aliuliza swali, na kinywa cha Mumbua kikajibu. Darasa zima likageuka. Kiingereza kilitoka laini, kimenyooka, hakina kigugumizi, kama cha mtu aliyekinyonya pamoja na maziwa. Mwalimu akavua miwani akaifuta, akauliza la pili na la tatu, na yote yakajibiwa, na ndipo Mumbua alipohisi kitu cha kwanza cha kumtisha: alikuwa amemaliza jibu lake, lakini kinywa kiliendelea. Kilieleza mambo ya meli na mvua na watu asiowajua, kwa dakika nzima, huku yeye akijaribu kufunga meno. Mutie, aliyekaa karibu naye, alijivuta kando akaziba pua. Alisema kuna harufu ya ngozi iliyoungua.

Kipande alikirudisha, na Mwalimu akakifungia, akisema hakihitajiki tena kwa msichana kama huyu. Lakini mgeni alikuwa ameshaingia, na hakuwa wa siku mbili.

Agosti ilipokwisha alikuwa anaandika insha ambazo Mwalimu alizisomea walimu wenzake. Nyumbani mambo yakawa mengine. Mama alimkuta jikoni, jua liko juu, ameinamia uji, anaongea Kiingereza kwa sauti nzito ya mtu mzima, ananyamaza kana kwamba anajibiwa, kisha anacheka. Siku nyingine mama alimwomba chumvi kwa Kikamba, na Mumbua akasimama katikati ya jiko ameganda, kwa maana neno lile alilisikia lakini hakujua ni kitu gani kinachotakiwa. Aliona aibu, akacheka, akasema amechoka kusoma. Kesho yake ikawa kuni. Keshokutwa ikawa jina la mbuzi wao mweupe, jina alilompa yeye mwenyewe, na alipokuwa akilitafuta kichwani alikuta mahali pake ni patupu na pana joto, kama jiwe la meko lililoondolewa sufuria, na kutoka mle ndani akasikia njuga.

Ndila alimpeleka kanisani. Akaombewa, akawekewa mikono, na yule aliyekuwa ndani akawashukuru wazee kwa Kiingereza kizuri sana, na wazee wakasifu kwamba msichana ameelimika. Hapo ndipo mama alipofanya jambo ambalo mwanamke wa kanisa hafanyi. Alimshika binti mkono wakapanda basi mpaka Kambu, kwa Bi Sauda, mjane wa pwani aliyebaki pale tangu mumewe alipokuwa akifanya kazi ya reli. Bi Sauda alikuwa anauza ubani na vitambaa kando ya barabara kuu, na watu walikwenda kwake kwa mlango wa nyuma.

Bi Sauda hakujua Kikamba, na Ndila Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu: bei, punguza, kesho. Kwa hiyo bibi aliongea na Mumbua mwenyewe. Alimfukiza, akamtazama kwenye beseni la maji kwa muda mrefu, malori yakipita nje yakitikisa bati, kisha akashusha sauti.

"Mwanangu, uliye naye si mbaya wa kuua. Lakini huyu hulipwa. Anakupa lugha yake, anakula yako. Nikimtoa leo, ataondoka na chake tu, na kile alichokwisha kukitafuna pengine kitaota tena. Ukimwacha akashiba, siku nitakapomtoa ataondoka na chake na chako."

Mumbua akauliza kushiba ni lini.

"Utajua. Hutakuwa na neno la kumwita mama yako."

Mtihani ulikuwa umebaki wiki saba. Mumbua alitazama mikono ya mama yake iliyopasuka kwa makaa, akamfikiria pia yule mzee wa Kambu ambaye duka lake halikuwa mbali na pale walipokaa. Wiki saba bila mgeni maana yake ni yeye na kitabu cha sarufi, na hilo alikuwa ameshalijaribu. Moyo ulimwambia toa, toa leo hii. Ndila akamgusa goti akauliza kwa Kikamba: mama huyu anasemaje?

Mumbua akatafuta maneno, akapata machache yaliyobaki, mwaitu likiwamo, lile la kumwita mama. "Anasema si kitu, mwaitu. Anasema turudi baada ya mtihani."

Ndila akamshukuru Mungu. Bi Sauda hakuelewa yaliyosemwa, lakini aliona uso wa mama ukifunguka, akatikisa kichwa na kuzima chetezo. Huo ndio uongo wa kwanza mkubwa Mumbua aliowahi kumwambia mama yake, na kwa kweli ulimuuma, lakini hakuurudisha.

Wiki saba zilipita huku nyumba ikizidi kuwa kimya. Mumbua alijifunza kuitikia kwa kichwa. Mama aliposema, alisubiri aone anaelekeza mkono wapi, akafuata mkono. Ndila alidhani binti amechukuliwa na masomo, akawa anamwekea chakula na kujiondoa polepole asimsumbue, na nyuma yake, katika joto la mchana, njuga zilizunguka nyumba zikiburuta mchangani, mara karibu na dirisha, mara chini ya kitanda, na Mumbua alisoma huku machozi yakidondoka kitabuni bila yeye kuwa na habari nayo.

Siku ya karatasi ya Kiingereza jua lilikuwa kali mpaka mabati ya ukumbi yakawa yanalia. Kulikuwa na insha. Mumbua alitaka kuandika juu ya mama yake anavyofukua tanuri la makaa, hilo alikuwa ameliwaza mwenyewe usiku kucha na lilikuwa lake, lakini kalamu ilipogusa karatasi mkono haukumngoja, ukaandika juu ya nchi yenye ukungu na mito isiyokauka, mstari baada ya mstari, mwandiko umesimama wima kama si wake, harufu ya ngozi iliyoungua ikipanda kutoka kwenye nguo zake mwenyewe, na kwa kila mstari uliokwenda kulia alihisi kitu kikivutwa kutoka nyuma ya kichwa chake kama uzi unavyotoka kwenye kikapu kinachofumuliwa, likaenda neno la maji, likaenda la mvua, zikaenda nyimbo alizobembelezewa, yakaenda majina ya babu, mpaka likabaki moja tu, mwaitu, naye akaling'ang'ania, akalirudia moyoni mwaitu mwaitu mwaitu huku mkono ukikimbia, na mkono ulipoweka nukta ya mwisho akafungua kinywa kulisema na hakukuta kitu. Msimamizi akapita akakusanya karatasi.

Kesho yake walikuwa Kambu. Bi Sauda hakuuliza chochote. Alifunga mlango wa mbele, akachoma udi, akasoma dua kwa saa mbili bila kuinua kichwa, na aliyekuwa ndani ya Mumbua akajibu kwa heshima, kwa Kiingereza, sauti ikiwa ya mtu anayeaga nyumba aliyotendewa mema. Kisha msichana akatapika maji meusi. Njuga zikavuka barabara kuu kati ya malori, zikashika njia ya vilima, zikapotea. Mama akapiga magoti akamkumbatia na kusema mengi sana, haraka haraka, akilia, na Mumbua alisikia sauti tu, kama redio ya nchi nyingine. Kitabu cha sarufi kilikuwa kwenye mfuko wake. Akakifungua. Hata kile Kiingereza kidogo cha zamani, kile cha kuteleza na kuchapwa, hakikuwamo kichwani. Alibaki na Kiswahili cha shule na cha mabasi.

Februari Mwalimu mkuu alituma barua. Mwalimu Musembi alikuwa ameshahamishwa Mwingi, na wenzake Mumbua wametawanyika, kwa hiyo Kiilu ndiye aliyepewa barua alipopita shuleni. Aliwahi kuwa mlinzi kwenye kituo cha utafiti Kiboko, na Kiingereza cha kusoma alikuwa nacho. Aliikuta familia uani saa nne asubuhi. Mumbua akaipokea kwanza. Aliigeuza ile karatasi juu chini. Alitambua jina lake mwenyewe, na mengine yote yalikuwa alama. Akamrudishia.

"Baba mdogo, nisomee."

Kiilu alimtazama kidogo, kwa mshangao, kisha akasoma kimya, pole pole, mpaka mwisho, akarudi juu akasoma tena. Barua ilisema Mumbua ameongoza wilaya nzima kwa Kiingereza, kwamba chuo cha ualimu kimemkubali, na kwamba afike shuleni kabla ya Ijumaa kutia sahihi, la sivyo nafasi itapewa mwingine.

"Umeanguka, mwanangu," Kiilu akasema. "Kiingereza kimekuangusha tena. Pole."

Akamgeukia Ndila akamweleza kwa Kikamba. Mumbua hakuelewa neno, lakini aliona mama akiweka mikono kichwani na kukaa chini mchangani, na kwake huo ulikuwa ushahidi wa kutosha. Alitaka kumwambia pole. Alitaka kumwambia alijitahidi, na aliuza kila kitu kwa ajili ya siku hii. Akamshika bega tu. Kiilu akaikunja barua ikaingia mfuko wa shati, akasema hakuna ubaya, maisha si karatasi.

Alhamisi mbuzi watatu wa ntheo waliletwa, na Mumbua mwenyewe ndiye aliyewachotea maji.