Mkono wa Mama Mkwe

"Ulimshika mkono," Nanyama akasema. "Mbele ya watu wote, Wamalwa."

"Nilimshika."

"Ukamzungusha kama mko kwenye dansi."

"Kidogo tu."

"Mama yangu mzazi. Mama mkwe wako."

Wamalwa alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha Nanyama, uso umetulia kama wa mtu anayengoja maji yachemke. Uso huo ndio uliompa sifa Eldoret nzima. Aliupata alipokuwa boi huko Moiben, akihudumu mezani kwa Kaburu mmoja, ambako mtumishi aliyecheka wageni walipolewa alionja kiboko. Siku hizi, kila Jumamosi, alipanda jukwaani katika ukumbi wa Waafrika akasimulia mateso anayoyapata kwa mama mkwe ambaye hakuwa naye. Watu walicheka hadi wakashika mbavu, naye akiwatazama kama hakimu.

Jumamosi iliyopita mama mkwe wa kweli alikuwepo. Alitoka Kimilili bila kumwarifu Nanyama, akaketi mbele ili amwone kijana aliyemchumbia binti yake. Hakucheka hata kidogo. Mchekeshaji hawezi kumwacha mtu wa namna hiyo. Wamalwa akashuka, akamvuta jukwaani.

Na kwa Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, sembuse kushikana mikono.

"Sikumjua," Wamalwa akasema.

"Ungeuliza."

"Niulize ukumbi mzima nani amezaa mchumba wangu?"

"Unaona? Hata sasa unafanya mzaha."

"Sifanyi mzaha. Ndivyo ninavyozungumza."

"Amefunga mizigo. Kesho narudi naye nyumbani, na anasema nitaolewa na mwalimu wa huko."

Wamalwa akainuka. Akaenda chini ya dirisha la chumba alimokuwa mama huyo, akaupa ukuta mgongo kama heshima inavyotaka.

"Mama, nimekosa," akasema. "Naomba msamaha. Tangu siku ile chakula hakipiti kooni."

Ndani, shangazi Selpha, aliyemsindikiza mama mtu, akaangua kicheko.

"Ni yeye kabisa. Sauti ni ile ile."

"Shangazi, nasema kweli."

"Haya, endelea, baba. Endelea."

Nanyama alikuwa amesimama mbele yake. Aliona machozi yakishuka kwenye uso ambao haukusogea hata kidogo.

"Mama, analia."

"Nani? Huyo?"

"Analia. Mwambie shangazi anyamaze."

Kicheko kikakatika. Mama alipozungumza, alimsemesha binti yake, maana mkwe hasemeshwi ana kwa ana.

"Muulize, huyo mama mkwe anayemtukana kila wiki ni nani?"

"Hakuna, Mama," Wamalwa akajibu, mgongo ungali ukutani. "Nilimtunga."

"Muulize, ataendelea kumtunga na mimi niko hai?"

"Watu wanampenda huyo wa kutungwa, Mama," Nanyama akasema.

"Sikuuliza watu. Jumamosi aje Kimilili na wazee wake, na mbuzi wa kuusafisha mkono huu. Asipokuja, basi."

"Jumamosi watu wa redio wanatoka Nairobi kumsikiliza," Nanyama akasema. " Wakiridhika watampa mchezo wa kila wiki. Na wanamtaka huyo huyo mama mkwe."

"Basi achague mmoja."

Selpha alingoja kichekesho, hakikuja.

"Nitakuja na mbuzi," Wamalwa akasema.

Ndani, mizigo ikaanza kufunguliwa. Nanyama akamfuata benchini, akaketi karibu naye.

"Utakuja kunilaumu."

"Labda nikizeeka."

"Na ukumbini utasema nini sasa?"

"Sijui. Itabidi nitafute mtu mwingine wa kunitesa."

"Mimi nipo," Nanyama akasema.

Hakutabasamu. Wamalwa akamtazama, akamtazama tena, asijue kama mwenzake anatania.