Gari Lililombembeleza Milembe

Kila Jumatatu Kabula alipanda gari la mumewe kutoka Sapiwi kwenda kuuza nyanya Bariadi mjini. Alikaa kiti cha nyuma na binti yake Milembe, mtoto wa miezi minane. Nyumbani Milembe alikuwa msumbufu kwelikweli. Akilazwa analia, akibebwa analia. Lakini gari likishaondoka na vioo vikishafungwa kuzuia vumbi, alilala fofofo mpaka mjini.

"Gari hili linabembeleza kuliko bibi yake," mumewe, Masele, alizoea kusema, na majirani walicheka.

Kabula hakucheka sana. Kila safari alishuka kichwa kikimgonga na moyo ukimchafuka, na jioni hali hiyo iliisha. Alipomweleza Masele, aliambiwa ni jua. Jibu hilo halikumtuliza. Gari nalo lilinguruma siku hizi, tangu fundi mmoja wa njiani alipotoa masega, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye bomba, akidai yanalinyima nguvu. Masele aliupenda mngurumo huo. Alisema sasa watu wanajua kwamba anakuja.

Jumatatu moja Kabula alimtazama mtoto njia nzima. Alimgusa shavu, akamvuta kidole. Karibu na soko alimpa titi, Milembe hakunyonya. Alimtikisa. Kichwa cha mtoto kililegea mkononi mwake.

"Simamisha gari," alisema. "Mtoto haamki."

Walisimama mbele ya gereji ya Specioza, mwanamke aliyesomea ufundi wa magari chuoni. Yeye alilisikia gari hilo kabla ya kuliona. Aliuliza mambo mawili tu: mtoto alikaa wapi, na je, mama naye anaumwa kichwa? Kabula alipojibu, Specioza alimwambia Masele azime injini, akawaweka mahali penye upepo, kisha akawatafutia gari jingine la kuwakimbiza hospitali.

"Mwambieni daktari mmevuta moshi wa gari," alisema. "Msisahau hilo."

Hospitali mama na mtoto waliwekewa hewa ya oksijeni. Kabula alihesabu kila pumzi ya binti yake, akiogopa kupepesa macho. Alasiri Milembe alifumbua macho, akatafuta titi. Kabula alilia bila kuona haya.

Kesho yake, gari likiwa limepoa, Specioza alimlaza Masele chini ya gari ajionee mwenyewe. Bomba la moshi lilikuwa limeoza na kupasuka chini ya kiti cha nyuma. Juu yake, kwenye sakafu ya gari, palikuwa na tundu.

"Tulizungushie kitambaa na udongo," Masele alisema. "Mbona hata harufu sikuisikia?"

"Harufu si kipimo, kaka. Sumu yenyewe haina harufu wala rangi. Mtu anasinzia, anadhani amechoka. Masega yana vitundu vidogo kama vya nyuki. Moshi ukipita humo, sumu inapungua sana. Unaobaki, bomba linautoa nyuma ya gari. Wewe masega uliyatoa, na bomba limepasuka. Kitambaa kitaungua. Na hata ukifungua vioo, moshi bado utaingia."

Masele alikaa chini, mikono kichwani. "Na mimi nilikuwa nasema linambembeleza," alisema.

Specioza alifunga masega mapya na mabomba mapya toka kwenye injini hadi nyuma. Aliziba tundu la sakafu. Kisha aliwasha injini, akaziba mdomo wa bomba kwa tambara nene kwa muda mfupi, wakasikiliza. Hapakuwa na mahali palipovuja. Alimwagiza Masele alete gari likaguliwe mara tu litakapoanza kunguruma tena.

Jumatatu iliyofuata walikwenda sokoni. Gari lilikwenda kimya. Milembe alianza kulia walipotoka tu Sapiwi, akalia mpaka akakauka sauti, akapumzika, akaanza upya. Masele alinyoosha mkono kwenye redio iliyokuwa ikiimba. Kabula alidhani anataka kuongeza sauti.

Masele aliizima, ili amsikie mtoto vizuri.