Doa Jekundu la Ibtihel

Kila akitoka shule, mjukuu wangu Ibtihel hunawa mikono, huvuta kigoda hadi kitandani kwa baba yake na kumsimulia ya mchana. Mwanangu Mondher alianguka kutoka kwenye ngazi akichuma zeituni, pembe za mbuzi tunazovaa kuchania matawi zikiwa bado vidoleni, akaumia kichwa. Tangu hapo macho huyafungua, lakini hajibu neno.

"Bibi, ananisikia?" huniuliza.

"Endelea kumwambia, mama." Ningemjibu nini zaidi?

Binti yangu Rim, shangazi yake, husoma picha za ubongo katika hospitali moja hapa mjini Sfax. Siku moja Mondher aliingizwa kwenye mashine ya picha hizo, akasikilizishwa sauti ya Ibtihel: "Baba, zeituni zimeiva, nani atapanda ngazi?" Jioni Rim akafungua kompyuta mezani kwetu. Kwenye picha ya ubongo paliwaka doa jekundu.

"Amenisikia!" Ibtihel alipiga kelele, akakimbilia mlangoni awaambie majirani.

"Rudi hapa, wewe redio ya mtaa!" Rim alimwita. "Picha hii bado mbichi. Sijaisahihisha."

Alibonyeza vitufe. Doa likatoweka.

"Shangazi! Umelifuta! Lilikuwa linakuuma nini?"

"Njoo nikuulize. Ukienda soko la samaki, ukamuuliza kila mtu kama usiku ameota mvua, utamkosa wa kusema ndiyo?"

"Sitamkosa."

"Na mvua ikinyesha, huyo ni mtabiri?"

Ibtihel akacheka bila kutaka. "Kabahatisha tu."

"Basi. Ubongo tumeugawa vipande vidogo, maelfu kwa maelfu, na kila kimoja tumekiuliza, 'Wewe, umeisikia sauti?' Kwa wingi huo, vingine vitaitika kwa bahati. Ndiyo maana tukiuliza wengi, lazima tudai ushahidi mzito zaidi. Doa lako halikufikia kiwango hicho."

"Kwa hiyo hanisikii."

"Sikusema hivyo. Nimesema hatujui."

Kwa siku kadhaa kigoda kilikaa ukutani. Mtoto alipita mlangoni kwa baba yake kama mgeni. Nilimwacha; huzuni haisukumwi. Kisha asubuhi moja, mkate ukiwa mkononi, akasema, "Shangazi, je, tukichagua sehemu moja ya ubongo kabla ya kutazama, tukauliza hapo tu?"

Rim aliweka kikombe chini. "Hiyo ni njia ya haki. Tuchague sehemu inayosikiliza maneno. Lakini pasipowaka, hatuhamii pengine. Umekubali?"

"Nimekubali."

Mondher alirudishwa kwenye mashine. Safari hii alisikilizishwa maneno ya binti yake, kisha sauti ileile ikichezwa kinyumenyume, iwe sauti tupu isiyo na maneno. Mahali walipopachagua paliwaka kwa maneno, si kwa sauti tupu. Rim akakagua, akakagua tena, pakabaki panawaka.

"Anayasikia maneno," alisema. "Kama anajua ni yako, picha haisemi, nami sitaisemea. Mwanangu, kitu unachokitamani sana ndicho ukikague kuliko vyote, kwa sababu hapo ndipo moyo hudanganyika upesi. Kikistahimili, ni chako kweli."

Jioni hiyo Ibtihel alivuta tena kigoda hadi kitandani, akainama sikioni mwa baba yake. "Baba," alianza, kisha akanyamaza kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kujibu.