Amri Isiyopita kwenye Waya

SAA 2:10 ASUBUHI, IGUGUNO

Chumba cha nyuma ya kinu cha alizeti kilinuka mashudu. Calist akafunua turubai. Chini yake palikuwa na mashine ya kupimia dhahabu, kuukuu, nzito kama jeneza, waliyoinunua kwenye vyuma chakavu.

"Huyu ni bubu," Calist alisema. "Pacha wake yuko maabara Singida mjini, anaongea kila siku. Kiwanda kilichowazaa kimekufa, na amri zao hazikuandikwa kitabuni. Fundi?"

Marietha akaweka mezani kiboksi kidogo kama kiberiti. "Nakichomeka kati ya kompyuta na mashine. Kila amri itakayopita kwenye waya, kinaidaka."

"Halafu unazichezea hizo amri, na mchanga wetu utasoma dhahabu. Mnunuzi anafika keshokutwa."

Antipasi, dereva, akazungusha funguo kidoleni. "Twendeni basi. Maneno hayajazi tenki."

SAA 4:30

Mzee Ignas, mpimaji wa maabara, alikuwa amekwisha kununuliwa. Aliwafungulia mlango wa nyuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fanya haraka, mwanangu."

Kiboksi kikaingia. Ignas akapima sampuli kumi. Kila mara, kabla hajatia mkono kutoa chombo, alivuta kamba ya katani iliyofungwa kwenye pete ubavuni mwa mashine. Kitu kikagonga ndani.

"Hiyo kamba ya nini?" Marietha aliuliza. Calist alikuwa mlangoni, macho nje.

"Inafunga dirisha la mionzi. Kompyuta inajua kufungua tu. Amri ya kufunga ilikufa miaka mingi iliyopita, hakuna wa kuifufua." Akamwonyesha vidole viwili visivyo na kucha. "Siku moja nilisahau. Sikusikia joto, sikusikia maumivu. Wiki iliyofuata ngozi ilibambuka kama ya kiazi kilichochemshwa."

SAA 7:15

Ignas alipanda nao gari akachukue fungu lake. Katikati ya mashamba ya alizeti Calist alisema, "Simama." Akashuka na mzee. Akarudi peke yake, akifuta spana kwa majani.

"Alikuwa na mdomo," alisema. Akamgeukia Marietha. "Usiogope, dada. Wewe nakuhitaji mpaka mashine iongee."

Kwa Marietha hesabu ilikuwa nyepesi: bubu akianza kusema, yeye atanyamazishwa.

SAA 9:40, IGUGUNO

Mashine ilikohoa, ikawaka. Amri thelathini na moja zilizodakwa na kiboksi, zote zikaitikiwa. Pete ya ubavuni ilining'inia bila kamba. Marietha aliiona. Akavuta kiti chake nyuma ya ukuta wa magunia, akaketi na kompyuta mapajani.

"Nani anaweka sampuli?" aliuliza.

"Mimi. Nani mwingine nitamwamini?"

Calist akaingiza mkono, akatoa. Akaingiza, akatoa. Antipasi naye akajaribu mara tatu, akachoka, akaenda kuvuta sigara.

"Haina hata joto," Calist alicheka. Alipofika sampuli ya sitini, mchanga mtupu ulikuwa unasoma dhahabu. "Hakuna kilichobaki?"

"Kila kilichopita kwenye waya kipo hapo."

Jibu lilikuwa la kweli. Antipasi aliporudi, Calist akamnong'oneza, kisha akapaza sauti: "Mrudishe Marietha kwao."

SAA 11:35, ISSUNA

Kwao Marietha ni Kinampanda, kaskazini. Antipasi alikuwa ameendesha kusini muda wote, bastola chini ya paja. Mbele kulikuwa na gulio. Magunia ya vitunguu yalibana barabara.

"Antipasi. Uliingiza mkono mara ngapi?"

"Wapi?"

"Kwenye mashine."

"Tatu. Kwani?"

"Vidole vya mzee Ignas uliviona?"

Alikuwa ameviona. Marietha akamweleza dirisha, kamba, na ngozi ya kiazi. Hakuharakisha.

"Muongo wewe."

"Subiri wiki moja. Calist ameingiza mara sitini."

Antipasi akaitazama mikono yake juu ya usukani, akaigeuza viganja juu. Gari likazimika katikati ya wauza vitunguu. Marietha akafungua mlango, akashuka katikati ya watu.

"Marietha." Sauti ilikuwa ndogo, ya mgonjwa. "Dawa yake nini?"

Akafunga mlango taratibu.

"Kamuulize mzee Ignas."